Jeni, si Jini

Naandika haya kwa ajili ya mama mmoja ninayemwona kila mara kichwani mwangu. Amekaa kwenye benchi la hospitali na mtoto mapajani. Kope za mtoto zimevimba na kuwa za zambarau, vidole vina mabaka mekundu yanayouma, homa inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Ameshaambiwa malaria, ameshaambiwa minyoo, na ameshaambiwa mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye daftari la mgonjwa. Jina lake silijui, ila najua yupo, kwa sababu mama yangu alikaa kwenye benchi hilo miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari, na wanaonifahamu watakwambia sina maneno matamu. Nitasema yaliyonipata, basi.

Nilizaliwa Yakobi, pembeni mwa mji wa Njombe. Baba alikuwa fundi seremala na mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani walimwita kuwasuluhisha. Mama alitoka Kichiwa. Kaka yangu Ezekia amenitangulia kwa miaka minne na hajawahi kuugua kitu kinachozidi mafua. Afya yake ilikuja kutuletea balaa, ingawa yeye hana kosa lolote.

Mama alisema yote yalianza na baridi ya kwanza ya maisha yangu. Mwezi wa sita kwetu viazi huungua majani kwa barafu shambani, na ukitoka asubuhi kuchota maji unakuta ndoo imefanya gamba juu. Nilikuwa na miezi minne. Vidole vya mikono na miguu vikavimba vikawa vyekundu, masikio yakafanya hivyo hivyo, halafu homa ikaja na kukaa. Mama akadhani amenifunika vibaya. Akaongeza blanketi, akaongeza sweta la mtumba, akawa analala nami kifuani. Baridi ilipoisha vidole vikapoa, lakini homa ikabaki na tabia ya kurudi kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kliniki walinining'iniza kwenye mzani pamoja na watoto wengine. Mstari wa kadi yangu ulianza vizuri kwenye kijani, kisha ukateremka mpaka kwenye nyekundu. Nesi akamwambia mama, mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni, kwamba mtoto hana protini. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini neno hilo alilishika. Akanipa maharage, akanipa dagaa, akafuga kuku ambao mayai yao hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuyagusa. Ezekia alilalamika juu ya mayai hayo mpaka ukubwani. Nilikula protini ya kijiji kizima, na bado mashavu yangu yakaendelea kuyeyuka.

Nilipofika miaka sita nilikuwa na uso wa mtu mzima. Nyama za mashavu zilikuwa zimekwisha, mikono ilikuwa myembamba kuliko mpini wa jembe, tumbo limetangulia mbele, na vidole vilikuwa vimeanza kujipinda visirudi. Watoto waliniita Bibi. Wakati mwingine waliniamkia shikamoo kwa kejeli, nami nikaitikia marahaba na kuwaagiza wakaniletee kuni. Wawili watatu walikwenda kweli.

Kwetu mtoto akidhoofika namna hiyo kuna neno lake. Husemwa kwamba amebemendwa. Maana yake ni kwamba mzazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, na uchafu wa huyo mtu wa nje umemwingia mtoto na kumvunja nguvu. Inasemwa mzazi, lakini sijawahi kusikia baba akishtakiwa. Katika familia yetu aliyelitoa neno hilo mdomoni alikuwa shangazi Eliza, dada yake baba. Alilisema jikoni nikiwa nimelala karibu na moto, maana mgonjwa akishazoeleka watu humwona kama kigoda.

Shangazi alikuwa na hoja yake. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, mtu hakuulizwa tena amepata wapi na anapeleka wapi, na mama alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza Yakobi kukusanya magunia ya viazi na njegere na kuyapeleka mwenyewe Makambako. Gari alilokuwa akipanda lilikuwa la Bwana Shabani, msafirishaji kutoka Kondoa aliyehamia Makambako kwa ajili ya njia panda na reli. Alikuwa mtu wa kofia na salamu ndefu, na alimweka mama kiti cha mbele kwa sababu alikuwa na mtoto mgonjwa. Hicho kiti cha mbele kilitosha. Watu wakahesabu safari, wakahesabu miezi, wakamtazama Ezekia alivyo mzima na mimi nilivyo, na hesabu ikawatokea vizuri.

Baba hakupiga kelele, wala hakumpiga mama. Alikaa na neno lile karibu mwaka mzima. Halafu asubuhi moja, nikiwa natetemeka kwa homa na mama akiwa anafunga khanga anipeleke hospitali, alisimama mlangoni na patasi mkononi akasema, "Huyu mtoto si damu yangu. Ezekia ni wangu. Huyu mpeleke kwa mwenyewe."

Mama alimwambia, "Baba Ezekia, nitakujibu nikirudi."

Hakurudi. Ezekia akabaki kwa baba kama desturi inavyotaka, na mimi nikawa mtoto wa Makambako.

Nataka niseme wazi jambo hili kwa sababu litakukuta: ugonjwa wenyewe ulinitesa, lakini kilichonila ni kutokujua mimi ni wa nani. Homa huja na huondoka. Yale maneno ya mlangoni nilikuwa nayo darasani, nilikuwa nayo kanisani, na nilipojitazama kwenye kioo nilitafuta pua ya baba nikaona mifupa tu.

Chumba tulichopata Makambako kilikuwa nyumbani kwa Bwana Shabani huyo huyo. Aliyekitoa ni mke wake, Mama Zuhura, alipoona madirisha ya chumba tulichokuwa tumepanga mwanzo hayana vioo. Makambako upepo unavuma kama umelipwa. Nilimwambia mama kwamba sasa watu watasema zaidi. Akanijibu waseme, mimi nahitaji chumba kisichopitisha upepo. Mama Zuhura alinishonea soksi za mikono kutoka kwenye masweta ya mtumba, na mwezi wa Ramadhani aliniwekea uji wangu wa mchana bila kuombwa, akisema mgonjwa hana mfungo. Wanawe wanne niliwatazama sana. Niliwatazama masikio, niliwatazama vidole, kisha nikatazama vyangu. Mama aliniona nikifanya hivyo. Nikikumbuka naona aibu mpaka leo.

Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, na tulikwenda kila homa ilipozidi. Unanunua daftari lako dukani ng'ambo ya barabara, unaliweka juu ya rundo la madaftari, halafu unakaa. Mama alijua mabenchi yote. Alijua lipi linapata jua saa tatu na lipi lina msumari. Akinikalisha penye jua alinivua soksi za mikono, akashika vidole vyangu kimoja kimoja na kuvisugua taratibu mpaka jina langu liitwe. Pale hatukuzungumza sana. Wagonjwa wengi miaka ile walikuwa wamekonda kuliko mimi, na kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyelitaja neno lenyewe. Tulipoingia, watu walimtazama mama badala ya kunitazama mimi.

Vipimo vilipofika hospitalini tulipimwa sote wawili. Hatukuwa na virusi. Mama alimtumia baba karatasi kwa mkono wa Ezekia. Jibu lililorudi ni la shangazi, kwamba siku hizi hata karatasi zinanunuliwa.

Nilikuwa na miaka kumi tulipopata rehema ya kwanza, nayo ilikuwa neno moja tu. Alikuwapo daktari mgeni, mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, aliyejifunza Kiswahili chake misheni ya Ilembula au sijui wapi, maana alikizungumza kama mchungaji. Alinipima tumbo, akatazama vidole, akasoma daftari langu kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho huku foleni ikisubiri. Kisha akamwambia mama, "Ugonjwa huu mimi siujui." Mama alilia pale pale. Miaka kumi kila mtu alikuwa anajua. Huyu hakujua, na alikuwa daktari.

Akanipa vidonge vidogo vyeupe, akasema tujaribu. Siku ya tatu homa ilishuka na haikupanda. Wiki ya pili niliomba ugali nikiwa sijalazimishwa. Uso ukajaa ukawa wa duara, na mama akanivalisha gauni la Krismasi kabla ya Krismasi, akanipeleka Yakobi Jumapili, akanisimamisha nje ya kanisa. Alitaka baba anione. Baba alitoka na wazee wenzake, akasimama, akanitazama toka kichwani hadi miguuni. Nilimwamkia. Akaitikia, akasema, "Amenona," kisha akaenda kwenye kikao chake. Mama alinishika mkono tukaondoka, na njia nzima aliimba ule wimbo wa mwisho wa ibada kwa sauti ya chini.

Uso ule wa duara ulikuwa wa vidonge, si wangu. Tuliokunywa dawa hizo miaka mingi tunajua bei yake: mifupa, macho, urefu. Nimeishia kimo cha mtoto wa darasa la sita. Vidonge vilipokosekana, na masika barabara ilipokuwa tope vilikosekana sana, homa ilirudi na hasira ya kufungiwa nje. Lakini nilisoma. Nilimaliza chuo cha ualimu nikishika chaki kwa kiganja, na wanafunzi wangu wanajua kwamba kiganja hicho kinaweza pia kushika sikio.

Miaka ikaenda. Nilikuwa mtu mzima, mama ameshazeeka, nilipopewa rufaa kwenda Dar es Salaam kwa sababu ya maji kuzunguka moyo. Huko nikakutana na daktari kijana, binti wa Kitanzania, aliyeniuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa: je, baridi inaniumiza vidole tangu lini? Nikamwambia tangu miezi minne. Akapiga picha mikono yangu, akatoa damu, akaipeleka nje ya nchi.

Majibu yalichukua muda mrefu, na alipoyapata aliniita nikae. Nitaeleza alivyonieleza, sina elimu ya kuongeza. Kila seli ya mwili ina mtambo wa kusaga protini zilizochakaa. Mtambo huo hauanzi kazi wenyewe, unaamshwa na protini nyingine. Maelekezo ya kutengeneza hiyo protini ya kuamsha yako kwenye jeni, na jeni yangu ina kosa. Kwa hiyo taka zinarundikana, mwili unadhani umevamiwa, unajiwasha moto. Nilicheka nikamwambia nimelishwa protini utoto mzima. Akaogopa kidogo, akasema mayai ya mama hayakunidhuru hata kidogo, tena huenda ndiyo yaliyonifikisha hapo. Nilimpigia mama simu kumwambia hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha daktari akasema jambo la pili. Ugonjwa huu haumpati mtu mpaka arithi jeni yenye kosa kutoka pande zote mbili, kwa mama na kwa baba. Mwenye moja tu haumwi, na hajui kama anayo. Mtoto mmoja anaweza kuupata na ndugu yake asiupate. Akaniomba damu ya wazazi wangu wote wawili ili awe na hakika.

Nilikaa nikiitazama meza yake. Kama baba anayo, basi mimi ni wake. Kama hana, basi.

Mama alitoa damu Makambako siku ile ile aliyoombwa. Alikunja mkono wa blauzi, akatazama pembeni, akamaliza. Hakuuliza wanatafuta nini. Nilimweleza hata hivyo, nikamwambia kwamba damu ya baba itaonyesha. Akaniuliza, "Itaonyesha nini?" Kisha akaenda kuchemsha chai.

Nikaenda Yakobi. Baba alikuwa amepungua mwili, patasi zimepata kutu, shangazi Eliza anamtunza. Tulisalimiana kwa kamwene, salamu ya kwetu, na habari zote za mvua. Nikasema madaktari wamegundua ugonjwa wangu, ni jeni. Shangazi akaacha kumenya viazi.

"Jini," akasema. "Si tulisema? Jini la yule wa Makambako. Watu wa kule wanafuga."

Nikasema ni jeni, si jini. Nikarudia mara tatu. Nikaandika kwa kijiti ardhini, kama ninavyoandika darasani, herufi *e* kubwa kabisa. Shangazi hakuwahi kusoma, akaitazama ile *e* kama ni jini lenyewe. Ningekuwa na moyo mwingine ningecheka. Lakini baba alikuwa anafikiri. Akaniuliza kama damu hiyo inaonyesha mtoto ni wa nani. Nikasema kwa jinsi fulani inaonyesha. Akauliza kama majibu yanakuja kwenye karatasi. Nikasema yanakuja kwenye karatasi yenye mhuri.

Basi akakubali. Alivaa koti lake la kanisani siku ya kwenda kutolewa damu, akatembea mbele yangu kwa haraka, na nikaelewa kwa nini. Alikuwa amesubiri maisha yangu yote apate kuandikiwa kwamba hakukosea.

Na mimi nakiri hapa, kwa kuwa nimeahidi kusema yaliyonipata: sikuwa na uhakika. Nilitembea nyuma ya koti lile nikiomba, na sikujua naomba nini. Mama yangu aliyenisugua vidole kwenye mabenchi yale, mimi mwanawe nilikuwa nasubiri karatasi.

Mama alifariki masika hayo kabla majibu hayajaja. Presha ilimwangusha sokoni, kwenye magunia yake. Bwana Shabani, mzee sasa, alitoa gari, na Mama Zuhura aliuosha mwili pamoja na akina mama wa kanisa. Tulimzika Kichiwa kwao. Baba hakuja. Alimtuma Ezekia na rambirambi.

Karatasi ilifika mwezi wa sita. Daktari alinisomea kwa simu kwanza, halafu akaituma. Nilipanda gari kwenda Yakobi mikono ikiniuma kwa baridi, nikamkuta baba anaota jua ukutani. Shangazi alikuwa shambani, na nilishukuru. Nikamwambia majibu haya hapa. Akanyoosha mkono, akaishika, akaiona ni Kiingereza, akanirudishia nisome.

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole. Mama ana jeni moja yenye kosa na moja nzima. Baba ana jeni moja yenye kosa na moja nzima. Binti amepokea yenye kosa kutoka kwa kila mmoja.

Akaniambia nisome tena sehemu yake. Nikasoma tena.

"Kwa hiyo huo ugonjwa," akasema, "nusu ni wangu."

"Ndiyo, baba. Usingekuwa baba yangu nisingeumwa."

Kuku walipita miguuni pake. Nilikuwa nimengoja saa hiyo tangu nikiwa na miaka saba, nilikuwa na maneno yake nimeyapanga, makali, na yote yaliniishia. Nilimwonea huruma na nilimchukia kwa wakati mmoja. Kisha akaniuliza kama mama yangu alisomewa.

Nikamwambia hapana, ilifika ameshazikwa.

Siku hizi natumia dawa nyingine mpya, homa zimeniacha, na vidole vimebaki vilivyo. Wewe uliye kwenye benchi, nakuomba mambo mawili. Daktari akisema hajui, usimkimbie. Na wakitaka damu, waambie wachukue ya wazazi wote wawili, na ya baba ichukuliwe mapema, watu wote wakiwa bado hai.

Siku ile baba hakusema samahani, na sikuitaka, maana mwenye kustahili hakuwapo. Aliuliza tu sasa atamwambia nini mama yangu.

"Yeye hakuwa na haja ya kusomewa," nikamjibu. "Tuliokuwa na haja ni mimi na wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na nilidhani amekwenda kulala. Alitoka amevaa lile koti, amefunga vifungo vyote, akaniuliza magari ya Kichiwa yanapita saa ngapi.